Mwanafunzi Katika Nchi ya Wengine: Safari ya Linnaeus kwa Wasami, 1732

Katika vyuo vyetu vya theolojia imekuwa desturi kumsindikiza kwa maombi ndugu anayekwenda ng'ambo kusoma, na kumpokea kwa nyimbo arudipo na shahada yake. Tumezoea pia kuwapokea wale wanaokuja kutoka upande wa pili, yaani vijana wa vyuo vya Ulaya na Marekani, ambao hukaa sharikani kwa majuma machache, huuliza maswali mengi, hula chakula chetu, kisha huondoka na madaftari yao; na baada ya miaka miwili mitatu huenda mzee mmoja akasikia kwamba kijiji chake kimeandikwa katika kitabu ambacho hatakiona kamwe. Safari hizi mbili hatujazoea kuzipima kwa mizani moja. Katika makala haya tunakusudia kumtazama mwanafunzi mmoja wa zamani aliyekwenda kufanya utafiti katika nchi isiyokuwa yake, tujue alikwendaje, ni nani waliomlisha, na aliporudi alisema nini juu yao.

Mwanafunzi huyo ni Carl Linnaeus, Mswidi, ambaye baadaye alijulikana duniani kote kwa kuimarisha utaratibu wa kuipa kila aina ya mmea na mnyama majina mawili ya Kilatini. Tunayemtafuta hapa, hata hivyo, si yule bwana mkubwa wa baadaye, bali ni kijana wa Chuo Kikuu cha Uppsala asiye na shahada yoyote, aliyefunga safari mwaka 1732 kwenda katika nchi ya Wasami. Msomaji aweza kuuliza habari za mtaalamu wa mimea zimeingiaje katika jarida la wachungaji. Jibu letu ni kwamba kijana huyu alilelewa katika nyumba ya mchungaji, akaokolewa na umaskini na mwalimu wa theolojia, akalala njiani katika nyumba za wachungaji, na akapita katika nchi ambako Kanisa la Kilutheri lilikuwa limefanya mambo ambayo lingekuja kuyatubu karibu miaka 300 baadaye. Wala Uppsala si jina geni kwa Walutheri wa Tanzania: Bengt Sundkler, aliyekuwa mmisionari Bukoba katika miaka ya 1940 na askofu wa kwanza wa Walutheri wa huko tangu 1961 hadi 1964, alikuwa profesa wa chuo hichohicho.

Linnaeus alizaliwa Råshult, kusini mwa Uswidi, mwezi wa Mei mwaka 1707. Baba yake, Nils, alikuwa mchungaji wa Stenbrohult, na mama yake, Christina, alikuwa binti wa mchungaji aliyetangulia katika usharika uleule. Kwa hiyo mtoto huyu wa kwanza aliandaliwa tangu utoto kuirithi mimbari ya baba na babu. Lakini baba alikuwa pia mpenzi mkubwa wa bustani, na mtoto aliyapenda maua kuliko Katekisimo. Alipofika shule ya juu ya Växjö walimu wakamwambia baba yake kwamba kijana huyu hafai kwa kazi ya Kanisa. Ndipo tabibu wa mji, Johan Rothman, aliyekuwa akifundisha hapo, akamtuliza mzee na kumshauri amwache mwanawe asome utabibu, kwa kuwa katika siku zile tabibu na mjuzi wa mimea walikuwa karibu mtu mmoja. Husimuliwa kwamba mama alihuzunika hata akamkataza mdogo wake, Samuel, asikanyage bustanini. Katazo hilo lilizaa matunda, maana Samuel ndiye aliyeupokea usharika wa baba yake, ingawa naye alijulikana kwa kuandika juu ya ufugaji wa nyuki.

Alifika Uppsala mwaka 1728 akiwa na fedha kidogo sana, na kabla ya mwaka kwisha zilikuwa zimemwishia. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alivaa viatu vikuukuu vya wenzake na kuziba nyayo zake kwa karatasi. Katika hali hiyo, mwaka 1729, mzee mmoja alimkuta katika bustani ya Chuo akiandika habari za maua, akamuuliza maswali, akastaajabia majibu yake. Mzee huyo alikuwa Olof Celsius, profesa wa theolojia na mkuu wa Kanisa Kuu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akikusanya habari za mimea iliyotajwa katika Biblia. Kazi hiyo ilichapwa hatimaye mwaka 1745 hadi 1747 kwa jina la Hierobotanicon. Celsius alimchukua kijana nyumbani kwake, akampa chumba na chakula, na kumfungulia maktaba yake. Tunaona vema kulikazia jambo hili, kwa sababu katika historia za sayansi mara nyingi hutajwa kwa mstari mmoja tu. Mwalimu wa theolojia hakumwuliza kijana kwa nini aliukimbia uchungaji. Alimwona ana njaa, na akaona kwamba anajua kitu.

Kwa njia hiyo Linnaeus alijulikana kwa Olof Rudbeck mdogo, profesa mzee wa utabibu, akawa mwalimu wa watoto wake, na tangu mwaka 1730 akasimama badala yake bustanini kuwafundisha wanafunzi wenzake. Rudbeck alikuwa amefika nchi ya Wasami mwaka 1695 kwa amri ya mfalme, na kurudi na michoro na maandishi mengi. Lakini moto mkubwa ulioteketeza Uppsala mwaka 1702 uliunguza karibu yote. Mtu aweza kuwaza jioni za nyumba ile, mzee akisimulia maua ambayo hakubaki nayo hata kwenye karatasi, na kijana akisikiliza. Mwishoni mwa mwaka 1731 Linnaeus aliandika maombi kwa Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya Uppsala, ambayo katibu wake alikuwa Anders Celsius, mpwa wa yule mwalimu wa theolojia. Aliomba daler 600 za shaba. Alipewa 400. Wanafunzi wetu waliowahi kuandika maombi ya ufadhili watalitambua jambo hilo bila maelezo.

Aliondoka Uppsala tarehe 12 Mei 1732 kwa kalenda ya kale, mkesha wa siku ya kutimiza miaka 25. Ameorodhesha mwenyewe vitu alivyochukua: koti la sufu la kawaida, suruali ya ngozi, nywele za bandia, kofia ya kijani, na mfuko mdogo wa ngozi wenye shati moja, kidau cha wino, hadubini, darubini ndogo, chandarua cha kujikinga na mbu, kitana, daftari la shajara na karatasi za kukaushia mimea. Pembeni alikuwa na upanga mfupi na bunduki ya ndege, na mkononi fimbo iliyochongwa alama za vipimo. Mfukoni mlikuwa na hati ya kusafiria na barua ya Jumuiya ya kumtambulisha. Hakuwa na mtumishi wala mwenzi. Basi, msafiri huyu alikuwa na kila kitu cha kutazamia, na karibu hakuwa na kitu cha kula. Jambo hilo ndilo lililoamua mengi ya yaliyofuata.

Yafaa tuseme kidogo juu ya nchi aliyoiendea. Wasami ni watu wa kale wa kaskazini ya mbali, ambao nchi yao leo imegawanywa baina ya Norway, Uswidi, Finland na Urusi. Wana lugha zao, na wengi wao waliishi kwa kuvua samaki, kuwinda, na kufuga wale wanyama wa jamii ya kulungu ambao huwapa maziwa, nyama, ngozi na usafiri juu ya theluji. Wageni waliwaita kwa jina jingine, ambalo wao wenyewe hawalipendi, nasi hatutalitumia. Mfalme wa Uswidi alidai kodi kwao, na Kanisa lilidai mahudhurio. Kwa kijana wa kusini, kupanda mto kutoka pwani ya Umeå kulikuwa kuingia ugenini kabisa, ingawa hakuwa amevuka mpaka wa ufalme wowote. Alihitaji mkalimani, na asipompata alibaki kama bubu.

Kanisa lilikuwa limetangulia. Huko Lycksele, Linnaeus alipokewa vizuri katika nyumba ya mchungaji, lakini alipata pia habari kwamba Wasami waliokaa mbali walilazimishwa kuhudhuria ibada hata wakati wa kuyeyuka kwa barafu, wakivuka mito maji yakiwafika kwapani, na asiyefika alitozwa faini na kutiwa chini ya adhabu ya kanisa. Aliona kwamba huo ulikuwa ukali uliopita kiasi, na akauandika. Kulikuwa na mambo mazito zaidi ya hayo. Mwaka 1693, miaka isiyotimia 40 kabla ya safari hii, Msami mmoja aitwaye Lars Nilsson aliuawa na vitu vya dini yake, pamoja na ngoma yake, vikachomwa moto, kwa sababu aliendelea na ibada ya mababu. Upande wa Norway, mmisionari Thomas von Westen, aliyefariki mwaka 1727, alikusanya ngoma nyingi za Wasami, na zilizo nyingi kati ya hizo ziliteketea katika moto wa Copenhagen wa mwaka 1728. Ngoma hizo zilikuwa na ngozi iliyochorwa jua, wanyama, watu na miungu, na mwenye ujuzi alizipiga ili kujua mambo yaliyofichika. Msomaji wa Kiafrika hahitaji kufundishwa neno ngoma lina uzito gani, wala historia ya misheni na ngoma si hadithi ya kaskazini peke yake.

Tukio tunalotaka kukaa nalo kwa muda lilitokea mwanzoni mwa Juni. Linnaeus alitaka kupanda zaidi kando ya mto, lakini mafuriko ya theluji iliyoyeyuka yalifunga njia. Yeye na kiongozi wake Msami wakaingia katika kinamasi kisichokuwa na mwisho. Kila hatua mguu ulizama, maji baridi yalifika magotini, chini yake kulikuwa na barafu, na mvua ilinyesha. Aliandika kwamba washairi wa kale waliosimulia mto wa kuzimu hawakuweza kubuni mahali pabaya kuliko hapo, na kwamba alijuta kuianza safari ile. Walikuwa wamepungukiwa chakula, na kijana hakuwa amelala usingizi wa kutosha. Kiongozi alimwacha mahali, akaenda kutafuta watu, na baada ya muda mrefu akarudi na mwanamke.

Namna Linnaeus alivyomwelezea mwanamke huyo haipendezi. Alimwona mfupi, uso umekolezwa na moshi, macho ya kahawia yanayong'aa, nywele nyeusi, akamfananisha na mapepo ya kike ya hadithi za Wagiriki. Lakini pepo huyo akafungua kinywa na kumhurumia. Alimwuliza ni balaa gani iliyomfikisha mtu kama yeye mahali kama pale, ambapo hajapata kumwona mgeni. Akamweleza kwamba mbele hakuna njia, kwamba hakuna dawa ila kurudi alikotoka, na kwamba hata wao wenyewe wako katika shida kwa sababu ya mafuriko. Chakula alichokuwa nacho ni samaki, na mgeni alipomtazama samaki yule akaona mabuu mdomoni, akashindwa kumla ingawa njaa ilimwuma. Akauliza kama ana jibini. Mwanamke akakubali kumwuzia jibini moja dogo, akisema kwamba hataki mtu huyu afe katika nchi yake.

Tumelisoma tukio hili mara nyingi, na kila mara linatukumbusha mjane wa Sarepta, ambaye naye alikuwa mtu wa taifa jingine, naye alikuwa na kidogo, naye alitakiwa ampe mgeni kabla ya kujipa mwenyewe. Tofauti ni kwamba mgeni huyu hakuwa nabii wala hakuwa na mtungi wa mafuta usiopungua wa kumlipa. Alikuwa mwanafunzi mwenye hadubini. Yule mama aliitaja nchi ile kuwa ni yake, na kifo cha mgeni ndani yake kuwa ni jambo linalomhusu, wakati ambapo katika ramani za Stockholm nchi hiyo ilikuwa ya mfalme. Katika shajara iliyochapwa hana jina. Ua dogo la waridi ambalo Linnaeus alilipenda kuliko yote liliitwa Linnaea, na latambulika hivyo hadi leo.

Alirudi pwani, akaenda kaskazini hadi Luleå, na kutoka hapo akapanda tena bara. Huko Jokkmokk alikutana na mchungaji na mwalimu wa shule, watu ambao, kwa elimu yao, alitazamia wangekuwa faraja kwake. Haikuwa hivyo. Walimshikia kwamba mawingu yapitayo juu ya milima ni vitu vigumu vinavyozoa mawe, miti na wanyama. Alipojaribu kueleza kwamba wingu ni mvuke tu, na kwamba nguvu hiyo ni ya upepo, walimcheka na kumsikitikia kwa upotovu wake. Aliondoka amekasirika, na akayaandika yote. Nasi tunakiri kwamba ukurasa huo hausomeki kwa raha na mtu wa kazi yetu. Hata hivyo si haki kuusahau ule mkono wa pili: wachungaji hao hao wa kaskazini ndio waliompa kitanda na farasi, na bila nyumba zao safari hii isingewezekana.

Mwezi wa Julai alivuka milima mirefu kuelekea bahari ya Norway, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark. Sasa alikuwa ng'ambo hata kwa maana ya kisheria. Wasami wawili walimwongoza, mmoja amepita miaka 50 na mwingine 70. Walibeba mizigo yake, na bado walikimbia na kucheza njiani, huku yeye, kijana wa miaka 25, akihema na kushindwa. Badala ya kuona haya tu, alikaa akaliuliza swali hilo kama mtafiti: kwa nini watu hawa ni wepesi hivi? Akatazama viatu vyao visivyo na visigino, akaona kwamba badala ya soksi hujaza majani makavu ya kinamasini ambayo huzuia baridi na malengelenge. Akatazama chakula chao, kiasi wanachokula, na namna watoto wanavyozoezwa kukimbia na wanyama tangu utotoni. Kutoka kurasa hizi mwandiko wake hubadilika. Yule aliyemwona mama wa kinamasini kama pepo sasa anauliza ili ajue.

Upande wa pili, katika usharika wa Rørstad, alipokewa na mchungaji Johan Rask. Mchungaji huyu hakuwa mtu aliyekaa mahali pamoja. Tangu mwaka 1708 hadi 1713 alikuwa mchungaji wa ngome ya Wadenmark ya Christiansborg, huko Accra, ambako watumwa walikuwa wakinunuliwa na kupakiwa melini. Kitabu chake juu ya safari ya Guinea kilichapwa mwaka 1754, baada ya kifo chake. Linnaeus ametaja zaidi uzuri wa binti yake kuliko habari za Afrika, jambo ambalo kwa umri wake hatutamlaumu. Lakini tunaomba msomaji aishike mkononi habari hii ya Rask, kwa kuwa tutaihitaji mbele kidogo.

Yale aliyoyakusanya katika hema za Wasami yalikuwa mengi kuliko mimea. Aliandika namna za kutayarisha maziwa na jibini, umbo la susu ya mtoto, namna ya kujenga hema, dawa zinazotumika kwa maumivu, na habari za inzi anayetaga mayai katika ngozi ya wale kulungu na kuwafanya wakimbie ovyo siku nzima. Aliandika pia mchezo mmoja. Wasami waliuita tablut, nao huchezwa katika ubao wa vyumba 81: katikati hukaa mfalme mwenye askari wanane, na pande nne huwa na maadui kumi na sita wanaojaribu kumzingira. Mchezo wa jamii hiyo ulikuwa umechezwa kaskazini yote katika zama za kale, ukasahauliwa kila mahali ulipoingia mchezo wa sataranji. Kama kijana huyu asingeketi chini kuangalia na kuuliza sheria, huenda leo pasingekuwa na mtu ajuaye jinsi ulivyochezwa. Sisi tuliokulia pembeni mwa mbao za bao twajua si rahisi mgeni kuelewa mchezo kama huo kwa kutupia jicho. Lazima akae, ashindwe, acheke pamoja na wenyeji.

Alirudi kwa kuzunguka pwani ya Finland, na tarehe 10 Oktoba akaingia Uppsala. Hapo ndipo safari inapoharibika, na ndipo sisi, tulio walimu, tunapotakiwa kusema wazi. Katika taarifa aliyoipeleka kwa Jumuiya, Linnaeus alizidisha sana umbali aliosafiri, na akadai kwamba alifanya safari nyingine ya bara, upande wa Torneå, ambayo shajara yake mwenyewe haina siku za kuitosha. Waliolinganisha maandishi hayo mawili wameona kwamba safari hiyo haikufanyika. Wako wanaomtetea kwa kusema fedha zilikuwa chache na kijana alikuwa na deni. Ni kweli. Tena twafahamu kishawishi hicho: anayetoa fedha yuko karibu na anataka hesabu, aliyetoa jibini yuko mbali na hataki chochote. Lakini ajabu ni kwamba mkweli wa kinamasini na mwongo wa ofisini ni mtu mmoja, na tofauti ya maandishi hayo mawili ni nani aliyekusudiwa kuyasoma. Shajara hakuichapa maisha yake yote. Ilinunuliwa na Mwingereza James Edward Smith mwaka 1784 pamoja na makusanyo yake, na ikatoka kwa Kiingereza mwaka 1811.

Mwaka 1735 alikwenda Uholanzi, akapata udaktari wa utabibu huko Harderwijk kwa muda wa majuma mawili hivi, kwa tasnifu juu ya homa za vipindi, yaani malaria, ambayo aliidhani yatokana na chembe za udongo wa mfinyanzi katika maji. Mwaka 1737 kitabu chake cha mimea ya nchi ya Wasami kilichapwa Amsterdam, na mwaka huohuo alichorwa na Martin Hoffman ile picha ambayo wengi wameiona: amevaa mavazi ya Wasami, ua la Linnaea mkononi, na ngoma imening'inia kiunoni. Wajuao mavazi hayo wameonyesha kwamba hayakuwa ya mtu mmoja. Kofia ilikuwa ya mwanamke, koti lilikuwa la majira ya baridi, ambayo yeye hakuyaona huko, na viatu vilikuwa vya kuuzwa kwa wageni. Na ngoma ile, Msami ambaye angekutwa nayo nyumbani angeshitakiwa. Mwanafunzi aliivaa ukumbini, mbele ya matajiri wa Uholanzi, na hakuna aliyemshitaki.

Baadaye, akiwa profesa, aliwatuma wanafunzi wake wengi duniani. Wa kwanza, Christopher Tärnström, aliyekuwa mchungaji, alifariki mashariki ya mbali mwaka 1746 akaacha mjane na watoto. Fredrik Hasselquist alifariki karibu na Smyrna mwaka 1752 baada ya kuchunguza mimea ya Palestina. Peter Forsskål alifariki Yemen mwaka 1763. Yeye hakusafiri tena nje ya nchi. Alikaa Uppsala akipokea barua na mimea iliyokaushwa, na kutoka kiti hicho akaupanga ulimwengu. Katika toleo la 10 la Systema Naturae, mwaka 1758, aliwagawa wanadamu kwa mabara manne, na Mwafrika akampangia ujanja, uvivu, uzembe, na kutawaliwa na matakwa ya nafsi badala ya sheria, hali Mzungu alimpangia akili ya uvumbuzi na utawala wa sheria. Afrika hakuwahi kuikanyaga. Alikuwa amepokewa katika nyumba ya mtu aliyeishi Accra miaka mitano, mahali ambapo Mwafrika alionekana akiwa na bei. Wasami aliwaandika akiwa amelowa, ana njaa, na akitegemea miguu yao. Sisi alituandika akiwa amekaa kavu. Maneno yale machache ya Kilatini yalikuja kunukuliwa na watu waliohitaji sababu ya kututawala, na kwa muda mrefu yalipewa heshima ya sayansi.

Linnaeus alifariki tarehe 10 Januari 1778, na amezikwa chini ya sakafu ya Kanisa Kuu la Uppsala, kanisa ambalo Olof Celsius alikuwa mkuu wake. Katika kanisa hilohilo, tarehe 24 Novemba 2021, Askofu Mkuu Antje Jackelén, kwa niaba ya Kanisa la Uswidi, aliwaomba Wasami msamaha kwa dhuluma ambazo Kanisa liliwatendea, na mwaka 2022 ombi hilo likarudiwa Luleå, karibu na nchi yao wenyewe. Mwaka huohuo wa 2022 Denmark iliwakabidhi Wasami rasmi umiliki wa ngoma iliyochukuliwa kwa Anders Poulsen mwaka 1691 wakati wa kesi yake ya uchawi kaskazini mwa Norway. Ngoma hiyo sasa ni mali ya jumba la makumbusho la Wasami huko Karasjok.